Hatua Sita Kutoka Mlangoni

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya kupima. Mafuriko yalikuwa yamepita wiki mbili nyuma, tope limeanza kushika, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alishuka bondeni na mumewe wakiwa na kamba yao. Mama alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo shangazi alinibeba mgongoni. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Haya ya mwanzo basi sikuyashuhudia kwa akili yangu. Niliyapata kwa baba, na kwa shangazi mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Pale maelezo yao yalipopishana, nimeacha.

Kwetu ardhi ni ya ngazi tatu. Juu, kwenye mwinuko, kuna nyumba na makaburi. Chini yake, ukingoni mwa bonde, watu hupanda mboga na mahindi. Kisha linafuata bonde lenyewe, tambarare mpaka mtoni, nalo ni la mpunga tu. Kila mwaka mto hupanda, hukaa juu ya bonde siku kumi au zaidi, na ukishuka huacha tope jipya lenye rutuba, bila alama hata moja ya mpaka. Vigingi vyote huondoka. Matete huota upesi kuliko mtu anavyofyeka, na aliye hatua kumi mbele yako humwoni.

Kazi ya shangazi na mumewe ilikuwa kuirudisha mipaka hiyo. Shangazi alifunga mwanzo wa kamba kwenye jiwe la ukingoni, ambalo maji hayajawahi kulihamisha. Mumewe aliingia na mwisho wake ndani ya matete. Kwa kuwa hawakuonana, walifanya kazi kwa sauti. Kamba ikikaza, mume alisema, "Nimefika." Shangazi alijibu, "Simama hapo," akakagua kama kamba imenyooka. Akiridhika ndipo aliposema, "Legeza. Njoo." Kabla ya neno hilo, aliye mwisho wa kamba hasogezi hata kidole cha mguu, maana kosa la hatua moja humnyang'anya jirani mstari mzima wa mpunga.

Watu walimwita mume wa shangazi Kigingi. Mwaka mmoja siafu walimpanda mpaka mapajani, naye akakaa kimya akisubiri kuitwa. Alipotoka alisema tu kwamba kipimo kimekwenda sawa. Fundi cherehani, aliyepakana nao shamba, alilichekea jambo hilo msimu mzima. Alisema bwana huyu akifa wasihangaike kumfukia, wamwambie tu asisogee.

Siku hiyo, yapata saa tano, jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu ya mto, tusikokuona. Shangazi alikuwa amenilaza juu ya shuka kwenye kivuli cha matete, hatua chache chini ya jiwe.

"Nimefika."

"Simama hapo."

Kisha akasikia sauti kama ya watu wengi wanaokanyaga majani makavu. Yalikuwa maji ya pili, mafuriko mengine yakishuka mtoni. Muda ulimtosha kumfikia mmoja, nami ndiye niliyekuwa karibu. Alininyakua akapanda mwinuko bila kugeuka, akijua mumewe ana miguu na ana macho, na kwamba mtu yeyote angekimbia.

Alipofika juu akageuka. Bonde lote lilikuwa maji ya kahawia. Hapo ndipo alipokumbuka neno ambalo hakulisema.

Mumewe hakupatikana.

Mwaka uliofuata, mto uliposhuka, baba na fundi cherehani walikwenda kuitoa ile kamba. Mwanzo wake ulikuwa bado umefungwa kwenye jiwe, iliyobaki imezama kwenye tope ikielekea ndani ya matete. Baba alivuta kidogo. Kamba ikanyanyuka kutoka kwenye tope. Ikanyooka. Ikakaza.

Ndani ya matete mtu akasema, taratibu, "Nimefika."

Fundi cherehani alikimbia na tangu siku hiyo hakulima tena bondeni. Baba alirudi nyumbani akamkuta dada yake amekaa kizingitini. Hakuhitaji kumweleza. Sauti ile dada yake alikuwa ameisikia.

"Usimjibu, dada," baba alimnong'oneza. "Ukimwambia njoo, atakuja kwa nani?"

Shangazi alimtii mdogo wake kwa miaka kumi na minane. Kila mwaka tope likishika, saa tano ikikaribia, watu walitoka bondeni wakisingizia jua. Majaruba ya mpunga yaliyozunguka pale yalirudi kuwa pori, moja baada ya jingine. Mama hakutoka hospitali akiwa hai, nami nilikulia mikononi mwa shangazi, na saa hiyo alinishika kichwa akaniziba masikio kwa viganja. Viganja havikuzuia kila kitu. Nilisikia jinsi sauti ile ilivyozidi kuchoka mwaka hadi mwaka. Haikulalamika. Ilikuwa inatoa taarifa tu, kama mtu anayetimiza kazi yake.

Nilipomaliza sekondari nilirudi kukaa kwake. Baba alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja, baada ya mafuriko, shangazi alifunga kilemba kipya, akaniambia, "Twende. Kazi ya mtu huyu imekwisha zamani."

Nilimwambia naogopa. Akasema hata yeye, na kwamba miaka yote aliyonilea hajapata kunitazama nikila, nikicheka, bila kuhesabu nani amesimama wapi. Alilisema bila hasira. Sijapata kulisahau.

Pale kwenye jiwe aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Nimefika," matete yakasema.

"Legeza," shangazi alisema. "Njoo, mume wangu."

Kamba ikalala chini.

Tulirudi haraka. Akafagia ua, akatenga maji ya kunawa miguu na kiti. Akaniambia nikae chumbani, nyuma yake, yeye akasimama mlangoni. Tukasubiri. Saa saba. Saa nane. Kuku waliingia wenyewe bandani, mmoja mmoja, jua likiwa bado juu.

Kisha zikaja hatua.

Ua ulikuwa mkavu, lakini hatua zilikuwa za mtu anayechomoa miguu kwenye tope. Moja. Nyingine. Harufu ya mto ikaingia ndani. Mimi niliuona mgongo wa shangazi tu, na vidole vyake vilivyobana mwimo wa mlango.

Hatua zikawa karibu.

"Nimefika," alisema, karibu kabisa, kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

Naye shangazi akajibu, "Simama hapo."

Lilimtoka hivyo hivyo. Walikuwa wamejibizana hivyo maisha yao yote. Niliona mabega yake yakishuka alipojisikia akilitamka. Akaita, legeza, njoo, njoo ndani. Aliita mpaka sauti ikakauka, mpaka nilipomshika kiuno akakaa chini. Hapakuwa na hatua nyingine. Kamba ilikuwa imebaki bondeni, na mtu asiyeshika kamba atalegeza nini?

Miaka michache baadaye nilimuuliza kama ulimi uliteleza tu, au alipomwona alitishika. "Ningejua," alisema, "ningelala."

Hakukubali kuhama. Jioni alikaa mlangoni akizungumza taratibu na ua mtupu, habari za mahindi, za jirani aliyeoa, za mimi. Bondeni hakukusikika tena mtu. Mvua ya kwanza iliponyesha alinivuta mkono akanionyesha. Ua wote ulikuwa umelowa, isipokuwa sehemu mbili kavu zenye umbo la nyayo za mwanamume, zimekaa sambamba, vidole vikielekea mlangoni. Nilipima. Ni hatua sita.

Shangazi alifariki miaka minne baada ya siku ile, kitandani, mchana. Watu waliojaa uani siku ya mazishi walipazunguka mahali pale, wote, bila kuambiwa na mtu.

Sasa nyumba ni yangu. Wiki iliyopita ilinyesha, mvua ya kwanza tangu tumzike, nikatoka na taa ya mkononi kwa kuwa mawingu yalikuwa mazito. Nyayo mbili kavu zilikuwa palepale. Mbele yake zilikuwapo nyingine mbili, ndogo, za mwanamke, visigino vikielekea mlangoni.

Nilichuchumaa nikapima kwa mkono. Kati ya vidole vyao pana shubiri moja. Mvua inanyesha hapo katikati.