Bakuli la Kibla ya Kirindini

Swabir, mtembeza wageni, alikuwa na mtindo wake. Kila alipowafikisha watu mbele ya kibla ya msikiti wa Kirindini, pale ukutani anaposimama imamu, aliwageukia wao, akaipa kibla mgongo, akaanza kulisifu bakuli la kaure bila kulitazama. Kwake yeye, hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayeijua kazi yake. Alhamisi ile, saa tatu na nusu asubuhi, alieleza rangi yake ya buluu, ndege wawili waliochorwa katikati, safari yake kutoka Uchina, na mafundi waliolijengea ukutani wakafa na kusahauliwa. Alipomaliza, mama mmoja wa Nairobi mwenye kofia pana akamwuliza kwa upole bakuli lenyewe liko wapi.

Swabir akageuka. Palipokuwa na bakuli palikuwa na shimo la duara, na chini yake unga mweupe wa chokaa.

Mji wa kale wa Kirindini uko juu ya mwamba wa bahari, kusini ya Msambweni. Umebaki kuta za mawe ya matumbawe, makaburi, kisima, na msikiti usio na paa. Wageni huyaita magofu. Wanawake wa vijiji vya jirani hawapaiti hivyo. Wao huja kuweka nadhiri: hulipaka bakuli marashi, hukinga kwenye chupa matone yanayochuruzika, wakaenda kuyanywa nyumbani, kila mmoja na haja yake. Kwa hiyo habari zilipofika kijijini, hakuna aliyesema kimeibwa kitu cha kale. Walisema wameibiwa wao. Vijana wakakipekua kibanda cha mlinzi, wakatoka na tindo lenye chokaa mpya kwenye makali, wakamfunga mlinzi mikono kwa kamba.

Mlinzi aliitwa Chome. Kesho yake, Ijumaa baada ya swala, binti yake Hasina alikuwa aolewe.

Inspekta Yusra alifika saa tano pamoja na Konstebo Eunice. Yusra alikuwa mzaliwa wa Jego, mwanamke mfupi mwenye subira nyingi kwa wasemaji taratibu na kidogo sana kwa wapiga kelele. Eunice alitoka Mackinnon Road, alikokulia akitazama malori, na bahari alikuwa ameanza kuizoea juzijuzi tu.

"Huyu nimemkamata mimi," Yusra aliwaambia vijana huku akiifungua kamba. "Mwenye hamu ya kumpiga mtu na aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Yusra akamketisha Chome kwenye kivuli cha ukuta, Eunice akampa maji.

"Tindo ni lako, mzee wangu?"

"Langu, mwanangu. Nachokolea nyufa kabla sijaziziba. Lakini tangu mwezi uliopita sijalishika."

"Na kibanda hukifungi?"

"Nifungie nini? Ufagio?"

"Vijana wanasema ni jana alasiri. Ulikuwa wapi?"

"Shambani, nakata makuti ya kivuli cha harusi."

"Na nani?"

"Na minazi."

Eunice alicheka, kisha akaona uso wa mzee na kicheko kikamkauka.

"Wakwe zangu ni watu wa kwenu, Jego," Chome akasema. "Wameniletea salamu sasa hivi. Mwana wao haozwi kwa mtu aliyeiba msikitini. Hasina hina imekwisha kumkolea, mwanangu. Atakaa ndani na mikono ile akiitazama mpaka ifutike. Mimi nifungeni mtakavyo, lakini baada ya kesho."

Yusra hakumwahidi kitu. Alikuwa na tabia ya kutoahidi, na mara nyingi tabia hiyo ilimwumiza yeye zaidi kuliko wengine.

Akauzunguka msikiti polepole. Kulikuwa na njia mbili za kuingilia. Ukuta wa kusini ulibomoka zamani, na Swabir huwapitisha wageni hapo ili asiwasumbue kuvua viatu. Njia ya pili ni mlango wenyewe, upande wa mashariki. Hata leo mwenyeji apitaye mlangoni huvua viatu kizingitini, ingawa ndani ni mchanga na juu ni mbingu tupu.

"Jumatano mvua ilinyesha?" akauliza.

"Rasharasha, saa sita mchana," akajibu Chome. "Baadaye kukawa kukavu."

Mchanga wa kizingitini ulikuwa umeshikamana kwa ile mvua. Juu yake palikuwa na alama mbili za viatu, sambamba, zimewekwa kwa adabu, ncha zikitazama nje. Nyayo zake zilikuwa laini, hazina mistari wala vijishimo. Kutoka hapo kwenda kwenye kibla zilikwenda nyayo za miguu mitupu, zikarudi.

Eunice alichuchumaa. "Afande, mwizi amevua viatu?"

"Amevua."

"Anaiba na anavua viatu?"

"Ndiyo maana nataka kumjua," Yusra akasema.

Wakatazama miguu ya Chome. Alivaa katambuga, zile ndara za mpira wa tairi, zenye mistari kama njia ya trekta. Swabir alivaa raba. Alama ya kizingitini ilikuwa ya makubadhi, viatu vya ngozi. Tatizo ni kwamba nusu ya wazee wa kijiji huvaa makubadhi.

Hata hivyo Swabir hakuachwa. Mtu anaweza kubadili viatu, na vijana walikwisha kusema kwamba mwezi uliopita alimtumia mgeni mmoja wa hoteli picha za bakuli.

"Nilimtumia, afande, sikatai," Swabir alisema, jasho likimtoka. "Aliniuliza linaweza kupatikana kwa bei gani. Nikamwambia haliuzwi. Akacheka. Tangu siku hiyo najuta kumwonyesha."

"Jana alasiri?"

"Diani, na wageni. Tulikula samaki hadi magharibi. Mwulizeni dereva."

Eunice akampigia dereva, kisha akampigia mwenye mkahawa. Wote wawili walimkumbuka Swabir, mwenye mkahawa kwa sababu aliagiza pweza mara mbili. Swabir akaachwa aende akanawe uso.

Akabaki shahidi mmoja. Vijana walisema hawakumshuku Chome kwa tindo peke yake. Maalim Abdulrahim alikuwa amemwona.

Maalim Abdulrahim alikuwa mtu wa Waa aliyeoa hapa akahamia. Karibu kila kijana wa kijiji alisomeshwa Kurani naye, na Hasina, bibi harusi, alihitimu kwake. Nyumba yake ilikuwa safi na kimya. Kwenye dirisha zilipangwa chupa tupu za marashi, nyingi, nyingine zimefifia karatasi kwa jua.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mtaniwia radhi, nyumba haina mama."

"Nilisikia. Pole kwa msiba."

"Miezi mitatu sasa. Fauzia alikuwa na tumbo. Lilimfura." Akavuta mkeka karibu. "Mnataka habari za jana."

"Ukiweza."

"Nilikuwa nimefunga. Zile siku nyeupe za katikati ya mwezi. Jana ilikuwa ya tatu, tarehe kumi na tano. Nikaswali alasiri, kisha nikashuka pwani kwenda kumjulia hali mgonjwa ng'ambo ya mwamba. Nilifuata ufuo, taratibu, kwa ajili ya saumu. Nilipofika chini ya msikiti nikainua macho. Nikamwona mtu mfano wa Chome, amebeba kitu kwenye kikapu."

"Saa ngapi?"

"Kumi na nusu hivi."

"Mfano wa Chome, au Chome?"

Maalim alizitazama zile chupa. "Chome," akasema.

Yusra akashukuru, akaomba jambo moja: saa kumi na moja maalim aje amwonyeshe mahali aliposimama. Maalim akakubali. Mlangoni akavaa makubadhi kuwasindikiza hadi njiani.

"Kwisha, afande," Eunice alisema walipokuwa peke yao. "Mtu kama huyu akisema ameona, korti itasema ameona. Makubadhi ni ya wazee wote."

"Eunice, kwenu mkitaka kujua lori litapita saa ngapi, mwafanyaje?"

"Tunajua tu. Tumezaliwa tukiyaona."

"Basi," Yusra akasema, akaenda kukaa kivulini kusubiri saa kumi na moja.

Maalim alifika kwa wakati. Wakashuka watatu kwenye ngazi za mawe zinazotoka msikitini kwenda pwani. Hawakufika mwisho. Ngazi tano za chini zilikuwa ndani ya maji, na mawimbi yalikuwa yakipiga mwamba kulia na kushoto. Ufuo haukuwapo.

"Leo maji yamejaa," maalim akasema.

"Na jana?"

Maalim akapanda ngazi moja kuyakwepa maji.

"Maalim, mimi ni mtoto wa Jego. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji makubwa, na siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa alasiri, kumi na kumi na moja. Jana ilikuwa tarehe kumi na tano. Hakuniambia mtu mwingine, umeniambia wewe. Saa kumi na nusu mahali unaposema ulisimama, maji yalikuwa kifuani."

Eunice aliyatazama maji, kisha akamtazama mkubwa wake.

"Ama hukufunga na siku umeikosea," Yusra akaendelea, kwa sauti ya chini, "ama umefunga na hukupita hapa. Chagua mwenyewe. Nitaandika utakalosema."

Njia ya kuponea ilikuwa wazi. Angesema tu kwamba alichanganya siku, kwamba alimwona Chome siku nyingine na jana hakufunga, mtu mzima husahau. Nani angemshika? Yusra mwenyewe alijua kwamba hapo alikuwa amemfungulia mlango, na akahofu asije akaupita.

Maalim Abdulrahim akaikunja kanzu iliyokuwa ikirushiwa matone ya maji.

"Nilifunga," akasema. "Siwezi kusema sikufunga."

Akageuka akapanda ngazi. Walimfuata hadi mlango wa msikiti. Pale kizingitini akavua makubadhi kwa mazoea, akayageuza ncha nje, akayaweka, akaingia. Yalikaa pembeni mwa alama za jana, nazo zilikuwa sawasawa kwa urefu na upana, hata kisigino cha kulia kilicholika upande. Eunice akazipiga picha. 

"Bakuli liko wapi, maalim?"

"Kwenye sanduku la Fauzia, limefungwa kwa leso yake. Nililinyanyua nilivunje sakafuni. Sikuweza."

"Hukutaka kuliuza."

"Kuliuza!" Kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. "Miaka kumi na saba hatukupata mtoto, Inspekta. Kila mwezi alikuja hapa na chupa yake. Umeziona zile chupa. Tumbo lilipoanza kufura, akasema nadhiri imekubaliwa. Nikamwambia twende hospitali, akasema mja mzito hana haraka. Alikuwa na furaha. Alishona nguo ndogo. Nikamwacha na furaha yake mwezi, wa pili, wa tatu. Tulipokwenda, daktari akaniuliza nilikuwa wapi siku zote."

Akaketi mchangani chini ya lile shimo.

"Nilitaka mwanamke mwingine asinywe yale maji. Hilo ndilo nililojiambia. Na nilitaka kosa liwe la bakuli."

Yusra alimwonea huruma, tena sana, na ndiyo sababu neno lililofuata lilimtoka kwa ukali. "Na Chome? Chome alikukosea nini?"

"Nilijua yuko shambani. Nikachukua tindo lake, nikalirudisha. Asubuhi vijana wakaniuliza kama nimeona mtu, nikaogopa. Nikasema mfano wa Chome. Nilidhani watamkaripia tu. Kisha nikaona kamba."

"Ukaiona kamba, na bado saa nane ukanirudilia mimi maneno yale yale. Binti yake umemsomesha wewe."

"Ndiyo," maalim akasema. 

Chome aliachiliwa jioni ile. Mtu angedhani mambo yamekwisha, lakini wazee wa Jego walikuwa na vichwa vigumu. Polisi, walisema, huweza kumwachia mwizi. Wao wangeamini vipi? Jibu hilo lilifika kituoni Ijumaa asubuhi, na aliyelisikia kutoka mahabusu akaomba kusema na Inspekta.

Gari la polisi lilikuwa lielekee mahakamani Kwale. Hakuna kanuni inayosema lisipite harusini, au kama ipo Yusra hakuitafuta. Baada ya swala lilisimama mbele ya kivuli cha makuti. Maalim akateremka na pingu mikononi mbele ya kijiji kizima. Waliokuwa wakimwamkia kila siku wakainamisha macho. Akawakabili wazee wa bwana harusi, akawaambia kwa sauti ileile ya darasani kwamba bakuli alilichukua yeye, kwamba Chome hakuwapo, na kwamba alimsingizia kwa woga. Kisha akarudi garini mwenyewe kabla hajaambiwa.

Wazee wa Jego wakanong'onezana. Mkubwa wao akakohoa, akauliza mbona mwenye mwana hajaketi mahali pake. Chome akaenda akaketi. Akaushika mkono wa bwana harusi, akamwoza Hasina kwa kauli yake mwenyewe.

Eunice alikuwa amekwisha kushika usukani Chome alipotoka na sahani ya pilau, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Sistahili, Chome," maalim akasema.

"Hustahili. Na sijakusamehe, usije ukajidanganya. Lakini pilau hii kapika Hasina, na kapika alivyofundishwa na Fauzia. Kula."

Yusra akainama, akamfungua pingu ya mkono wa kulia. Maalim akamega tonge, akalitia mdomoni, akaifahamu ladha, na machozi yakamtoka hata hakuona pa kuyafutia.  Chome alisimama pale mlangoni kwenye jua, na kilemba chake cha harusi, mpaka sahani ikaisha.