Amri ya Handakini

Kilichomshtua kwanza mke wa mwongoza watalii ni harufu ya baruti. Jua la mchana lilikuwa likichoma, hakuna aliyewasha hata kiberiti, na vita vya lile handaki la kale viliisha babu yake akiwa bado ananyonya. Akamgeukia mdogo wake, dereva wa basi lao.

"Unasikia harufu hiyo?"

"Nasikia njaa tu, dada." Alikuwa ametoka kubadili tairi, spana bado iko mkononi.

Chini handakini mumewe alikuwa kazini. Wageni walimwita Kepteni, naye akavimba kichwa, ingawa jeshi alilijua kwenye picha tu. Mtindo wake ulikuwa uleule kila safari: anawasomea majina ya marehemu kwenye mnara wa kumbukumbu, anawashusha handakini, anawachuchumaza, kisha anawapigia kelele za vita. Leo wageni wamepoa, wengine wanapiga miayo. Akaona atie chumvi.

"Kamanda alisimama hapa hapa," akanguruma, "akaamuru: Hatutaki mateka! Ua wote!"

Uongo mtupu! Mkewe aliyajua maelezo yale yote kwa moyo, na hilo halikuwemo.

"Mdomo huponza kichwa," akanong'ona.

Wageni wakapiga makofi. Yalipokoma, miguu ikapigwa chini, miguu mingi, kwa mpigo mmoja, kutoka ndani ya ardhi.

Dereva akakakamaa. Macho yakageuka meupe, na sauti ya mtu mzima, nzito, ikamtoka: "Sawa, afande." Kabla dada mtu hajapiga kelele, mkono ule aliouogesha mwenyewe utotoni ulishamkaba koo, ukamburuta hadi ukingoni mwa handaki, naye akaung'ata mpaka damu ikamjaa mdomoni, damu ya baridi kama maji ya kisima, wala haukulegea, spana ikashuka ikamvunja bega, akausikia mfupa wake ukipasuka, na huko chini wageni wakipandiana, wakikanyagana vidole, na baruti ikinuka hadi machozi yakamtoka.

"Mwache!" Mumewe alikuwa anapanda kwa mikono na magoti. "Ni mke wangu huyo!"

"Ni mateka, afande. Umeamuru."

"Nilitunga! Nilikuwa natia chumvi tu, jamani!"

"Hata yule kamanda wa kwanza alisema hivyo, walipokuja kufukua maiti za mateka."

Spana ikapanda tena, safari hii juu ya kichwa. Mume suruali ilimlowa. Akasema lile ambalo hajawahi kulisema mbele ya wageni.

"Mimi si kepteni. Sijawahi kuwa askari hata siku moja. Mimi ni mtu wa kuongea tu."

Vidole vikaachia koo.

"Kumbe si mwenzetu?"

"Si mwenzenu."

"Basi mateka ni wewe."

Mke alielewa. Mume naye alielewa, maana alimtazama kwa huruma.

"Kimbia, mama watoto," akasema taratibu, bila ile sauti yake ya kazini.

Akakimbia, bega likining'inia, asigeuke nyuma, na huko nyuma spana ikatua, ikatua tena, ikatua tena, mlio wa kwanza mkavu na iliyofuata majimaji, hadi pakawa kimya na harufu ya baruti ikaisha. Ndipo akamsikia mdogo wake akilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Shemeji! Shemeji, amka! Dada, njoo uone, nani kamfanya hivi shemeji?"