Moshi wa Kambi Yetu

Verdiane aliamka amechoka. Aliwasha kuni mbichi ndani ya nyumba, na binti yake Emérita akaanza kukohoa. Mume wake, Munyakazi, alikwisha kwenda mgodini. Katika kambi yao, karibu na Bihambwe, nyumba zilikaribiana sana, na kila mlango ulitoa moshi.

"Moshi inatoka kwa walimaji," watu walisema. "Wanachoma mashamba."

Mvua ikaja. Mashamba hayakuchomwa tena, lakini Emérita alikohoa mpaka akakataa kula. Verdiane akambeba mgongoni, akampeleka kwa bibi yake, katika kijiji cha Nyamitaba. Huko mtoto akapata nafuu. Waliporudi kambini, kikohozi kikarudi.

Verdiane akamwendea Papa Barthélemy, mganga wa zahanati ya kambi. Asubuhi mvua ilipokatika, Barthélemy alimpandisha kilimani.

"Mama, angalia. Kuko shamba inaungua?"

Milima ilikuwa wazi kabisa, bila moshi. Moshi ulilala bondeni tu, juu ya kambi.

"Wakati wa jua, moshi ya mashamba inatufikia, ni kweli," alisema Barthélemy. "Lakini hii ya leo yote iko yetu. Kuni mbichi, takataka, tanuru ya matofali. Na asubuhi baridi inaizuia bondeni, haipande."

"Basi ni sisi tunamukohoza mutoto."

"Njo vile, Mama. Pikeni inje. Mukaushe kuni. Takataka, muzike."

Jioni Verdiane alimwambia mumewe wajenge jiko la nje.

"Nimetoka mu mugodi," alisema Munyakazi. "Unataka nijenge tena?"

Verdiane akampakata mtoto. Emérita alikohoa mpaka akatapika. Munyakazi akachukua panga, akaenda kukata miti.

Walijenga jiko nyuma ya nyumba: paa, bila kuta. Lakini moshi wa majirani uliendelea kuingia. Verdiane akaenda mlango kwa mlango.

"Mvua inanyesha, nipike wapi?" aliuliza jirani yake, Mama Athanasie.

"Kuja upike kwangu, mpaka mujenge yenu."

Wengine walikataa. Verdiane alirudi kwao tena na tena, miguu ikimuuma. Polepole majiko yakaongezeka. Mafundi wa matofali nao wakakubali, wakahamisha tanuru ng'ambo ya mto.

Kiangazi kilipofika, moshi wa mashamba ulikuja siku chache, kisha ukapita.

Jioni moja Munyakazi alirudi, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Mutoto iko wapi?"

"Amekula, amelala," alisema Verdiane.

Munyakazi akaketi kando yake. Walikuwa wamechoka wote wawili, na nyumba ilikuwa kimya.