Karabina ya Nzisa na Mtungi wa Maji

Kwetu Dandora mifereji hukauka kila Ijumaa. Sisi wa ghorofa ya nne hatupandi ngazi na mitungi, tunaivuta kwa kamba kutoka uani. Binti yangu Nzisa, wa miaka kumi na miwili, huvuta pamoja nami, na rafiki yake Mukami hufunga mitungi huko chini.

Ijumaa hiyo mtungi ulipanda mara tatu ukiwa umeshikwa na kitu cha rangi ya waridi, kinang'aa.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Karabina, Mama. Ni pete ya chuma ya kukwea, ina mlango wa springi. Nimeinunua kwa yule muuza minyororo ya funguo. Kesho tunaenda na skauti kupanda mwamba, na mwalimu amesema mwenye yake aje nayo aikague."

Niliigeuza mkononi. Ilikuwa nyepesi kama kijiko. Moyo wangu haukutulia.

"Itakubeba kweli?"

"Mama nawe! Imebeba lita ishirini mara tatu, umeona mwenyewe. Kwani mimi ni mnene hivyo?"

Nikacheka, nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea.

Akasema kamba imejisokota, anaenda kuinyoosha uani. Akatoka nayo mbio, na karabina yake mkononi.

Nikangoja. Nikafagia pale nilipokwisha kufagia. Nikateleka chai, nikasahau kuwasha jiko. Mbona hawaiti? Kisha nikasikia watoto wakipiga makofi, nikatoka nikachungulia.

Nzisa alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi wa kibaraza cha ghorofa ya kwanza, mguu mmoja nje. Kamba ilifungwa kwenye chuma cha ngazi, na ile karabina ilikuwa kwenye mshipi wake kiunoni.

"Shuka basi!" Mukami alimpigia kelele kutoka uani. "Ama umeogopa? Kesho mwambani si utalia!"

"Nani anaogopa? Ngoja uone!"

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nilipofika, Baba Shiku alikuwa amemshika bega. Huyo ni jirani yetu Mureithi, fundi anayepaka rangi maghorofa marefu akining'inia kwenye kamba.

"Tulia, Mama Nzisa, nimemshika," akasema. Akamteremsha upande wa ndani, akaitazama ile karabina, akatikisa kichwa. "Nzisa, tutangulize mtungi kwanza."

Akawaondoa watoto wote uani. Mukami akapandisha mtungi uliojaa. Baba Shiku akaufunga kwa karabina ile ile, akaiacha kamba ilegee kidogo, halafu akausukuma.

Ta! Karabina ilinyooka. Mtungi ukapasuka kwenye saruji, maji yakatapakaa hadi mlangoni. Hakuna aliyepiga makofi.

"Lakini tuliuvuta mara tatu!" Nzisa akasema.

"Mliuvuta polepole. Mtu akiteleza haanguki polepole. Kamba ikimzuia ghafla, uzito wake huwa kama wa watu wengi." Baba Shiku akatoa karabina yake ya kazini kwenye mfuko. Ilikuwa nene na nzito. "Hii imechongwa hapa ubavuni nguvu inayoweza kuhimili. Na mlango una kufuli ya kuzungusha ili usifunguke wenyewe. Yako iliandikwa nini?"

Nzisa akaangua kilio. "Ilikuwa na karatasi. Iliandikwa isitumiwe kukwea. Niliibandua ili Mama asiione."

Nikaketi pale ngazini. Sikumchapa. Nilimvuta tu kifuani nikamshikilia, hata Mukami naye akaanza kulia.

Mimi nilitaka abaki nyumbani. Baba Shiku akanisihi nimwache aende, maana vifaa vya skauti anavijua ni vya kweli. Jumamosi nzima nilikuwa mlangoni.

Jioni Nzisa akarudi na magoti yenye vumbi. "Mama, wamenicheka! Nilikataa kupanda mpaka mwalimu azungushe kufuli mbele yangu, halafu nikauvuta mlango kuona kama utafunguka."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia wacheke tu, mimi sipandi bado."

"Hivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Mimi niliona mtungi umepanda nikatosheka, sikuuliza anayejua. Wewe uliona onyo ukalificha. Kitu cha kushika uhai wako hakichaguliwi kwa rangi. Na ukibandua onyo ili Mama asilione, anayeanguka si Mama."