Gauni Lililoshonwa kwa Bandi

Jumapili soko la Kibuye halina nafasi hata ya kuangusha sindano. Dorca Aoko alikuwa ameinamia cherehani yake akipinda suruali ya mteja, ndipo viatu vya kahawia vikasimama mbele yake. Aliinua macho polepole. Suruali ya kadeti iliyopigwa pasi, koti la ngozi, shingo aliyowahi kuibusu. Bildad, mwana wa Kangethe wa lori, baada ya mwaka mmoja na miezi miwili.

Moyo ulimruka, na hilo likamkasirisha. Kisha akamwona anachechemea akisogea kando kumpisha mwenye mkokoteni, akafurahi. Vizuri, alijisemea. Uchechemee hadi kaburini.

"Habari ya siku nyingi, Dorca."

"Siku ni zako. Unashonewa nini?"

"Gauni ya harusi."

Mguu wa Dorca ulikwama juu ya pedali. "Ya nani?"

"Ya mtu wangu. Wanasema hakuna fundi kama wewe hii Kisumu." Bildad alitoa karatasi mfukoni. "Vipimo ndio hivyo, na namba yangu ya simu. Wiki mbili inatosha?"

"Kwani mwenyewe hana miguu? Si aje nimpime?"

"Ako bize."

"Hongera basi," Dorca alisema, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. "Nitamshonea mpaka ashangae."

Na alimaanisha. Aprili ya mwaka wa tisini na mbili, mapigano ya kikabila yalipozuka na moshi kuonekana juu ya miwa upande wa Muhoroni, mtu huyu alimwahidi kwamba angechukua lori la baba yake akawatoe wazazi wa Dorca huko. "Waambie wangoje barabarani na vitu vyao, mpenzi. Asubuhi niko hapo." Wakangoja. Mzee Ogola na mama Milka walikaa kutwa nzima juu ya magodoro yao kando ya barabara, na waliofika jioni hawakuja na lori. Mzee alikinga panga kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu vya mkono huo havijajikunja tena, yeye aliyekuwa akikata miwa safu mbili wenzake wakihangaika na moja.

Bildad hakuja, na Dorca hakupata simu wala barua. Dorca alipokwenda dukani kwao mjini alikuta kufuli. Kangethe alikuwa amehamishia familia Nakuru kwa hofu. Tangu hapo Dorca na wazazi wake wanabanana chumba kimoja mtaani Kondele, na cherehani ndiyo inayowalisha.

Kila fundi hupiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kitambaa, ndipo apitishe mashine. Safari hii Dorca aliamua mashine ipumzike. Satini nyeupe, lasi kifuani, mikono iliyofura kama puto, na ndani kote ni bandi tupu, kwa uzi mweupe usioonekana. Bibi arusi akipiga magoti tu mbele ya mchungaji, mgongo wote ungefunguka, wakwe na mpiga picha wakitazama. Alishona akiimba.

"Ati bega la kushoto nishushe nusu inchi," alimwambia mama yake jioni moja, akisoma karatasi na kucheka. "Ameenda kuchukua mwanamke bega limeanguka!"

Milka alikuwa akichambua dagaa wa omena. Akaacha.

"Hebu simama."

"Ya nini, Mama?"

"Simama, nyathina, mwanangu." Alimwekea binti yake gauni mgongoni. Likalala pale, kila kitu mahali pake. "Mwingine mwenye hii bega ni nani? Hii ni bega ya cherehani. Miaka kumi unalalia upande mmoja."

Fundi hajipimi; nguo zake huzikata kwa macho. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumpima Dorca, Krismasi ya tisini na moja, akimzungushia tepu kiunoni mara tatu na kudai amesahau hesabu.

Alikimbia hadi dukani kwa Nakhungu, jirani mwenye simu iliyotumiwa na mtaa mzima.

"Bildad, bibi arusi wako ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Nilitaka uishone ikuume. Na vipimo vya mwanamke mwingine sijui. Najua vyako tu."

"Mimi ndio wa kuumia? Uliacha wazazi wangu barabarani!"

"Dorca, nilitoka na hiyo lori asubuhi! Huko mbele nikapata vijana wameweka mawe barabarani. Wakaniuliza jina. Basi, jina ndio ilinivunja mguu. Nimelala hospitali miezi minne. Nikapiga hapo kwa Nakhungu, wakasema uko sokoni, baba yako akaitwa, akashika. Akasema umeolewa."

"Na nani?"

"Sasa ningeuliza hiyo?"

Nyumbani Mzee Ogola alikuwa ameketi mlangoni, akihangaika na kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto.

"Baba, Bildad alipiga simu?"

Kifungo kilimponyoka. "Alipiga."

"Ukamwambia nini?"

"Nilikuwa na bandeji mpaka kwa kiwiko. Alitaka kueleza, sikungoja amalize. Nilitaka na yeye akose kitu chake."

"Hicho kitu kilikuwa mimi, Baba."

Dorca aliingia ndani akitafuta mtu wa kumtupia hasira, na macho yake yakaangukia gauni kitandani. Alikuwa amemshonea aibu msichana asiyemjua, asiyemkosea lolote, tena kwa nyimbo. Basi kwa uchungu huohuo baba yake aliishika ile simu. Hilo halikumtoa hasira, lakini lilimfunga mdomo.

Wiki ile alipitisha mashine kwenye kila mshono. Jumapili akawaita baba yake na Bildad Kibuye, akawaketisha benchi moja mbele ya wateja, gauni juu ya magoti yao.

"Bandi zote zitoke. Kwa mkono. Uzi mmoja ukibaki mnaanza upya."

"Uzi wenyewe hauonekani!" Bildad alilalamika. "Na mimi nimekosa nini?"

"Ulikuja kuniumiza na karatasi. Toa uzi."

Wauza mitumba walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Ogola aliubana upindo kwa vidole vyake vigumu, Bildad akavuta. Rundo la nyuzi likakua miguuni pao.

"Nilikuwa nakuja, Mzee," Bildad alisema mwishowe.

"Sasa najua." Mzee aliubana tena upindo. "Vuta polepole. Utararua nguo ya bibi yako."

Cherehani ilinyamaza.

"Nani amesema mimi ni bibi yake?" Dorca aliuliza bila kugeuka.

"Basi si nikuulize?" Bildad akasema.

"Maliza kwanza," Dorca alisema, akarudisha mguu kwenye pedali.