Mbwa Mwenye Mstari Mgongoni

Kabla hajaiona miguu mirefu na masikio yaliyolala, Shakila aliyaona manyoya ya mgongoni. Manyoya ya mwili mzima yalilala kuelekea mkiani, kama ya mbwa yeyote. Lakini katikati ya mgongo palikuwa na mstari wa manyoya yaliyogeukia kichwani, kama nyasi zilizolazwa na upepo wa peke yake. Shakila alipitisha kidole juu ya mstari huo. Mbwa akamtazama, akatulia.

"Subhanallah," Shakila alisema moyoni. Alikuwa msichana wa kusema mengi moyoni na machache mdomoni. Tangu alipoacha shule, watu walisema hana kichwa cha kusoma.

Mbwa aliletwa kijijini kwao Chilangala na mjomba wake, Ashiru. Ashiru alikuwa mlinzi wa kambi ya wajenzi wa barabara upande wa Masasi. Kambi ilipofungwa, mhandisi mmoja alimwachia mbwa huyo mwekundu kama udongo. Ashiru akampeleka kwa dada yake, Faudhia, mama yake Shakila. Nguruwe pori walikuwa wanaimaliza mihogo ya familia hiyo.

"Anaitwa Semeni," Ashiru alisema.

"Mbwa wa kulinda shamba hana neno," alisema Abdulatifu, baba yake Shakila. "Ila ndani asiingie, na bakuli lake liwe mbali na vyombo vyetu."

Siku zikapita. Semeni alikula, alikua, alikimbia kama mshale. Lakini hakubweka. Wageni walikuja, wakaketi, wakanywa chai, wakaondoka. Semeni aliwaangalia tu.

Jirani yao Mujibu, mwindaji mwenye mbwa wengi wa kienyeji, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Shakila, shemeji yako kakuletea mbwa au mbuzi?"

"Hata mbuzi hulia," alisema Hajira, mke wa Mujibu. "Na hayo manyoya kusimama hivyo kila saa, anaona nini ambacho sisi hatukioni?"

"Haoni kitu. Hiyo ni choa," Mujibu alijibu. "Inaanza mgongoni, kisha inakula mwili mzima. Mpake mafuta ya maganda ya korosho. Choa yangu iliisha hivyo hivyo."

"Na lile kovu lako je?"

"Kovu si choa, mama."

Abdulatifu alikuwa na mafuta hayo kwenye kopo. Aliyapaka kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Akachukua unyoya wa kuku, akauchovya, akaupitisha kwenye mstari wote. Semeni alisimama wima, akimtazama kwa macho ya kuuliza. Mafuta hayo huunguza kama moto, ila huanza taratibu. Kesho yake ngozi ilivimba. Kisha ikatoa malengelenge, na malengelenge yakapasuka.

Tangu hapo Semeni alijificha nyuma ya ghala. Mtu akiinua mkono, hata wa kufukuza nzi, alijilaza chini na kufumba macho. Nguruwe waliporudi alfajiri moja, Abdulatifu alimburuta hadi shambani. Semeni aligoma. Akapigwa fimbo. Akajilaza kifudifudi, akatetemeka.

"Hafai," Abdulatifu alisema alipofika nyumbani. "Hana sauti, hana akili, na sasa ana kidonda. Kesho Mujibu ataingia naye porini, atarudi peke yake."

Mama Shakila aliinamisha kichwa. Shakila alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake ikasimama.

Asubuhi hiyo hiyo gari la matangazo lilipita. "Leteni mbwa wenu ofisi ya kijiji! Chanjo ya kichaa cha mbwa ni bure!"

"Mbwa wa kufa kesho achanjwe ya nini?" Mujibu alisema kutoka kwake.

Shakila hakumjibu. Alichukua kamba, akaenda nyuma ya ghala, akachuchumaa. Hakumvuta Semeni. Alingoja. Semeni akamnusa mkono, akasimama, wakaenda.

Ofisini palikuwa na foleni ndefu. Mtaalamu wa mifugo alikuwa mama wa makamo, Selestina. Alipomwona Semeni, aliacha sindano mezani.

"Shikamoo," Shakila alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Mungu wangu! Huyu katokea wapi?"

Shakila alifungua mdomo. Maneno hayakutoka. Nyuma yake mtu akasema, "Mbwa bubu, na mwenyewe bubu!" Watu wakacheka. Shakila aliona joto likipanda usoni. Alitaka kukimbia. Kisha akaiangalia kamba mkononi mwake.

"Wanasema ana choa," alisema. "Kesho atauawa."

Kicheko kikakatika.

Selestina alimpima Semeni joto, akamchoma chanjo. Kazi ilipoisha alichukua mkoba wake, akafuatana na Shakila mpaka nyumbani. Baada ya salamu hakuzunguka.

"Baba Shakila, huu mstari si choa wala si shetani. Amezaliwa nao. Mbwa wa aina hii huitwa rijibaki. Asili yao ni kusini mwa Afrika. Wafugaji wa zamani wa huko walikuwa na mbwa wenye mgongo hivi. Wazungu wakaja na mbwa wao, wakachanganyika. Unajua walitumiwa kuwinda nini?"

"Nguruwe?"

"Simba."

Abdulatifu aliketi taratibu. Katika uwanda ule, simba si hadithi ya watoto. "Babu yangu alichukuliwa na simba," alisema, "njia ya kwenda kuteka maji bondeni. Ilirudi ndoo tu."

"Basi mababu wa mbwa huyu walimzunguka simba kama huyo. Hawakumuua. Mmoja huku, mwingine kule, wanamkwepa, wanamzuia, mpaka mwindaji afike."

Wote wakageuka kumtazama Semeni. Alikuwa amejibanza nyuma ya gauni la Shakila. Mbwa mkubwa vile! Shakila alisikia vinyweleo vikimsimama mikononi.

"Mbona habweki?" Mama Shakila aliuliza.

"Hana mazoea ya kupiga kelele bure. Akibweka, toka nje ukaangalie."

Selestina alivaa glovu. Alimwonyesha Shakila namna ya kusafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha kupaka dawa aliyomwachia. "Mafuta ya maganda ya korosho ni ya nguzo," alisema. "Ngozi ya mbwa ni ngozi, na ya mtu ni ngozi."

Mujibu, aliyekuwa amesimama pembeni, alilifunika kovu lake kwa kiganja. Hajira akamtupia jicho.

"Maji mnabeba mbali, najua," Selestina aliendelea. "Lakini apate maji safi kila siku, si ya kuoshea masufuria. Apewe dawa ya minyoo, atolewe kupe. Asifungwe kutwa, miguu hii imeumbwa kukimbia. Ila akishashiba msimkimbize, tumbo la mbwa mkubwa linaweza kujisokota akafa. Mkiona kitundu kidogo mgongoni kinachotoa usaha, niiteni, aina hii huzaliwa nacho wakati mwingine. Na fimbo itupeni. Huyu akipigwa hajifunzi. Akili yake yote inakwenda kwenye kuogopa."

Abdulatifu alimgeukia jirani yake. "Mujibu," akasema, "kesho nenda porini na mbwa wako."

Kazi ya kumfundisha ikawa ya Shakila. Kila alfajiri alikimbia naye kuzunguka mikorosho. Alimwita kwa sauti ya chini, akija anapewa kipande cha dagaa. Kidonda kikafunga. Manyoya yakaota tena, yakielekea kichwani kama mwanzo. Semeni akaacha kufumba macho mtu akiinua mkono.

Mabibo yakaiva kwenye mikorosho, harufu yake tamu ikajaa shambani. Asubuhi moja familia ilikuwa inaokota korosho. Ghafla Semeni alibweka, mara moja tu, sauti nzito kama ngoma. Wote wakainuka.

Pembeni mwa mihogo alisimama nguruwe dume, meno nje. Semeni alikuwa mbele yake. Nguruwe akarusha kichwa, Semeni hakuwepo, yuko kushoto. Akageuka, Semeni yuko kulia. Hakumuuma. Alimzuia tu, kama mlango usiofunguka, na mstari mgongoni ukasimama wima juani. Mujibu alikuja mbio na mkuki, akasahau kuutupa. Mwishowe nguruwe aligeuka, akatimka porini.

"Semeni," Shakila aliita kwa sauti ya chini. Semeni akaacha kumfukuza, akarudi kwake.

Mujibu aliushusha mkuki.

Msimu ule nguruwe hawakurudi, na mihogo ikafika jikoni. Lakini asubuhi ile Abdulatifu alikuwa bado amesimama, ndoo ya korosho mkononi, akimtazama mbwa.

"Kumbe hakuwa mjinga," alisema.

Shakila alikuwa amechuchumaa, mkono wake ukiwa juu ya shingo ya Semeni. Safari hii hakusema moyoni.

"Baba," alisema, "hata mimi shule sikuiacha kwa ujinga. Kusoma nilikuwa najua. Nilikuwa naogopa fimbo."