Aliyekuwa Akivutiwa Sigara

Harufu ya tumbaku ilianza kutoka kwenye simu Jumanne, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani.

Mshauri aliivua hedifoni, akainusa. Hapo kituoni hakuna aliyevuta. Kazi yao ilikuwa kuwapigia watu wanaotaka kuacha sigara: wajane, wagonjwa wa akili, wazee wasio na wa kuwajulia hali. Akaivaa tena. Upande wa pili alikuwa mzee fundi viatu, kifua kibovu, anaishi peke yake.

"Baba, umevuta leo?"

"Siku ya tisa sijagusa, mwanangu." Sauti ikashuka. "Ila yeye anadai."

"Yeye nani?"

"Niliyekuwa namvutia. Amekaa kitandani hapa."

Mshauri alidhani ni arosto ya kukosa sigara, maana ikimbana mtu humwonyesha mengi. Mwongozo ulitaka mzee apigiwe mara moja kwa wiki. Akauweka kando, akawa anampigia kila siku saa ile ya kiu, wanapiga soga za soli na gundi mpaka kiu ipite. Na kila siku, nyuma ya maneno ya mzee, alisikia pumzi nyingine, nzito, ikivutwa tu bila kutolewa.

Siku ya kumi na nne mzee alilia. "Kanikalia kifuani! Kanitia kiberiti mkononi!"

"Kitupe, Baba. Niko nawe, sikati simu."

Ndipo ile pumzi ikasogea, ikasogea hata ikawa karibu kuliko mdomo wa mzee, kana kwamba mwenyewe ameinama begani kwa mshauri pale pale mezani, na sauti ya kukwaruza ikamwambia polepole, "Kata, binti. Ukikata, nabaki na wangu. Usipokata, nakuja kwako."

Kidole chake kikaenda juu ya kitufe cha kukata. Mzee akakoroma kama anayenyongwa. Mshauri akakiondoa kidole.

"Hesabu nami, Baba. Moja…"

Walipofika kumi, mzee alishusha pumzi ndefu, akacheka huku analia. "Kaondoka! Mwanangu, kaondoka!"

Jioni, njiani kwenda nyumbani, miguu ilimpeleka mshauri mpaka dirisha la duka. Maishani mwake hakuwahi kuvuta. Alifumba mdomo, akaubana kwa viganja viwili, lakini maneno yakatoka, kwa sauti ile ya kukwaruza.

"Nipe pakiti mbili."

Muuza duka hakuinua macho. "Sawa, mzee."